Ufa wa Ndani na Mkono wa Nje: Ibra ya Nchi ya Ajemi

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:



Usiku mmoja, baada ya darsa kwisha, kijana mmoja aliuliza suala: "Ni nani aliyeiharibia nchi ya Ajemi mambo yake, ni wageni au ni wenyewe?" Baraza ikagawanyika mara moja pande mbili. Wa kwanza walisema ni Mwingereza, na Mrusi, na Mmarekani, na kwamba pasingekuwa na hao watu wangekaa raha mustarehe. Wa pili walisema kila kaumu huvuna ilichopanda, na kuwalaumu wageni ni udhuru wa mvivu. Sauti zikapanda. Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akasema: "Mwizi aliingia, hilo hapana shaka. Lakini mimi nauliza, mlango nani aliuacha wazi?"

Neno la mzee huyu ndilo tulilolifanya maudhui ya karatasi yetu hii.

Huenda msomaji akasema: "Hao ni Mashia, na sisi ni Masunni, mambo yao yatuhusu nini?" Jawabu yetu ni kwamba Qur'ani Tukufu imetusimulia habari za Adi na Thamudi, na za Firauni na watu wake, nao hawakuwa wa madhehebu yetu wala wa dini yetu. Tumesimuliwa ili tuzingatie. Mwenye akili akiona nyumba ya jirani yaungua haulizi kwanza jirani huyo husali vipi. Hutazama moto umeanzia wapi, kisha hurudi kwake akalitazama jiko lake.

Basi na tuanze.

KUKOPA ARUSI, KULIPA MATANGA

Nchi ya Ajemi, ambayo tangu mwaka 1935 imetaka iitwe na mataifa yote kwa jina la Iran, ilitawaliwa katika karne ya kumi na tisa na wafalme wa ukoo wa Qajar. Kaskazini yao alikuwa Mrusi, na kusini, katika bahari na katika Bara Hindi, alikuwa Mwingereza. Mrusi aliwapiga vita mara mbili akawanyang'anya nchi za Kaukazi kwa mikataba ya mwaka 1813 na 1828. Mkataba huu wa pili uliwatoza fidia ya rubo milioni 20 za fedha, tena ukatia sharti kuwa raia wa Kirusi aliyemo nchini mwao asihukumiwe na makadhi wao. Mataifa mengine ya Ulaya yakafuata, kila moja likitaka lipewe kama alivyopewa Mrusi.

Haya ya kushindwa vita tutasema ni kadari, na mnyonge hana la kufanya. Lakini yaliyofuata hayakuwa ya vita. Yalikuwa ya kalamu na wino.

Mwaka 1872 Nasir al-Din Shah alimpa haki za nchi yake mtu mmoja wa London, Baron Julius de Reuter, yule yule mwenye shirika la habari. Alimpa haki ya kujenga reli, na kuchimba madini isipokuwa dhahabu, fedha na vito, na kutumia misitu, na kusimamia forodha. Yaani mtu mmoja alipewa chini ya ardhi na juu yake. Watu wa nchi walipiga kelele, na Mrusi naye akanung'unika kwa maslaha yake, hata mkataba ukavunjwa mwaka 1873. Lakini mwenye hati haendi bure: mwaka 1889 Reuter alilipwa kwa kupewa ruhusa ya kufungua Benki ya Kifalme ya Ajemi, ikawa benki ya Kiingereza ndiyo yenye kutoa noti za nchi ya Kiislamu.

Mwaka 1890 Shah huyo huyo akamwuzia Mwingereza mwingine, Meja Talbot, biashara yote ya tumbako: kuinunua kwa wakulima, kuiuza ndani na kuiuza nje, kwa muda wa miaka 50. Naye angelipa pauni 15,000 kila mwaka na robo ya faida. Fikiri, ndugu msomaji. Mkulima wa Shiraz aliyepanda tumbako yake kwa jembe lake hakuwa na ruhusa tena ya kumwuzia jirani yake ila kwanza apite kwa kampuni ya mgeni.

Hapo ndipo watu walipoamka. Wafanya biashara walisimama, na maulamaa wakasimama pamoja nao, katika Shiraz, na Tabriz, na Isfahan. Sayyid Jamal al-Din, aitwaye al-Afghani, aliyekuwa amefukuzwa nchini kwa amri ya Shah, alimwandikia barua Mirza Hasan Shirazi, mwanachuoni mkubwa aliyekaa Samarra katika Irak, akimweleza jinsi nchi inavyouzwa vipande vipande. Jamal al-Din ndiye mwalimu wa Sheikh Muhammad Abduh wa Misri. Na mwanafunzi wa Abduh, Rashid Rida, ndiye mwenye jarida la Al-Manar lililosomwa na maulamaa wetu wa pwani hii. Basi mtu huyu si mgeni kwetu.

Mwezi wa Desemba 1891 ikatoka fatwa kwa jina la Mirza Shirazi kwamba kutumia tumbako wakati ule ni haramu. Watu wakaweka chini viko na buruma zao, nchi nzima. Imesimuliwa kwamba hata katika nyumba ya Shah mwenyewe, wakeze na watumishi wake walikataa kuvuta. Hapakupigwa mzinga. Kampuni yenye hati na muhuri ilishindwa na watu walioazimia kuacha kitu wanachokipenda. Katika Januari 1892 Shah aliuvunja mkataba.

Laiti habari ingekoma hapa! Lakini kampuni ilidai fidia, nayo ikawa pauni 500,000. Hazina haikuwa na kitu. Shah akazikopa katika ile Benki ya Kifalme, kwa riba ya sita katika mia, na rehani yake ikawa ushuru wa bandari za kusini. Hilo ndilo deni la kwanza la dola ya Ajemi kwa wageni. Watu waliitoa tumbako yao katika mkono wa mgeni, na mtawala wao akautia mkononi humo ushuru wa bandari.

Mwanawe, Muzaffar al-Din Shah, alikopa kwa Mrusi rubo milioni 22 na nusu mwaka 1900, na milioni 10 nyingine mwaka 1902. Sehemu kubwa ya fedha hizo iliishia katika safari zake za Ulaya. Na katika masharti ya Mrusi lilikuwamo hili: kwamba dola ya Ajemi isikope kwa mwingine ila kwa ridhaa yake. Wahenga wetu wamesema, kukopa arusi, kulipa matanga. Arusi ilikuwa ya Shah. Matanga yakawa ya mkulima.

BUSTANI YA BALOZI

Katika Desemba 1905 liwali wa Tehran aliwapiga bakora wafanya biashara wa sukari hadharani kwa kuwa bei imepanda. Dhulma hiyo ndogo iliwasha kuni zilizokwisha kukauka. Watu walitaka nyumba ya uadilifu, kisha wakataka Majlisi, yaani baraza la wawakilishi la kumhesabu mtawala. Walioongoza walikuwa wanavyuoni wawili wa Tehran, Sayyid Abdullah Behbahani na Sayyid Muhammad Tabatabai.

Katika kiangazi cha mwaka 1906 maulamaa walihama mji wakaenda Qom. Wafanya biashara na mafundi na wanafunzi waliobaki waliogopa askari wa Shah, wakakimbilia, wapi? Wakakimbilia bustani ya ubalozi wa Kiingereza. Idadi yao ilifika watu 12,000 na zaidi, wakapiga hema zao humo, wakapika vyungu vyao humo, mpaka Shah alipokubali. Majlisi ikafunguliwa Oktoba 1906, na katiba ikatiwa saini tarehe 30 Desemba. Siku chache baadaye Muzaffar al-Din akafariki.

Walitoka bustanini wakimshukuru Mwingereza kwa kuwahifadhi. Ulipita mwaka mmoja hivi. Tarehe 31 Agosti 1907 Mwingereza na Mrusi waliandikiana mkataba katika St Petersburg, wakaigawa Ajemi mafungu: kaskazini ni ya Mrusi kwa nguvu zake, kusini mashariki ni ya Mwingereza, na katikati pawe wazi kwa wote wawili. Serikali ya Ajemi haikushauriwa. Sisi watu wa pwani hii jambo hili halitushangazi. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani walikaa vivyo hivyo wakazigawa nchi za Sultani wa Unguja, na mwaka 1887 pwani hii ikakodishwa kwa kampuni ya Kiingereza kwa hati ya miaka 50.

Je, balozi aliyefungua bustani alikuwa mwongo? Huenda hakuwa. Huenda aliwahurumia kweli. Lakini huruma ya mtu mmoja ni kitu kimoja, na maslaha ya dola ni kitu kingine. Waajemi walikuwa na haki ya kukimbilia kivuli siku ya jua kali. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mwenye mti ameupanda kwa ajili yao.

Mwezi wa Juni 1908 Shah mpya, Muhammad Ali, akaipiga Majlisi kwa mizinga, na mwenye kuamuru mizinga hiyo alikuwa ofisa wa Kirusi, Kanali Liakhov. Wapenda katiba walirudi na kuuteka Tehran mwaka 1909. Na hapa yataka tuseme lisilopendeza. Walipoushika mji, mwezi wa Julai 1909, walimtundika Sheikh Fazlullah Nuri, mwanachuoni mkubwa aliyeipinga katiba. Mwaka uliofuata, Behbahani, aliyeiongoza katiba tangu mwanzo, naye akauawa kwa risasi. Mwanachuoni wa upande huu ameuawa, na wa upande ule ameuawa, na Mrusi na Mwingereza wamekaa kitako, kila mmoja katika fungu lake.

Mwaka 1911 Majlisi ilimleta Mmarekani mmoja, Morgan Shuster, aitengeneze hazina. Alifanya kazi kwa ikhlasi, akawadai kodi hata wakubwa waliolindwa na Mrusi. Mrusi akaleta onyo: mfukuzeni, la sivyo majeshi yaja Tehran. Majlisi ikakataa. Katika Desemba 1911 milango ya Majlisi ikafungwa, si na Warusi, bali na mawaziri wa Kiajemi wenyewe walioogopa. Shuster akaenda zake. Mwaka 1912 mizinga ya Kirusi ikapiga hata kaburi la Imam Rida katika Mashhad.

MAFUTA

Katika mwaka 1901, huku Shah akikopa, mtu mwingine alipewa hati. Jina lake William Knox D'Arcy, tajiri aliyechuma mali yake katika dhahabu ya Australia. Alipewa miaka 60 ya kutafuta mafuta katika nchi yote isipokuwa majimbo matano ya kaskazini. Alitoa pauni 20,000 taslimu, na hisa za kadiri hiyo, na ahadi ya kumi na sita katika mia ya faida. Yeye mwenyewe hakuikanyaga nchi hiyo maisha yake yote.

Tarehe 26 Mei 1908 mafuta yaliruka katika mahali paitwapo Masjid Suleiman. Mwaka 1914 serikali ya Kiingereza ikanunua hisa nyingi katika kampuni, kwa kadiri ya pauni milioni 2, kwa kuwa manowari zake zilikuwa zaacha makaa na kutumia mafuta. Tangu siku hiyo aliyegombana na kampuni aligombana na dola.

Basi Abadan ikawa na mtambo wa kusafishia mafuta uliokuwa mkubwa kuliko yote duniani. Wakubwa wa kampuni walikaa katika nyumba zenye bustani, na vibarua wa Kiajemi wakakaa katika vibanda vya mabati na udongo. Waajemi hawakuruhusiwa kuvikagua vitabu vya hesabu. Waliambiwa faida ni kadha wakapokea sehemu yao. Na kodi iliyolipwa na kampuni kwa serikali ya Uingereza ikawa yapita fungu walilolipwa wenye ardhi.

Katika muda huo ukoo wa Qajar ulikwisha. Reza Khan, askari aliyeutwaa mji kwa nguvu mwaka 1921, alijifanya Shah mwaka 1925. Alijenga reli, na shule, na jeshi. Akafunga vinywa, akazitwaa ardhi za watu, na wanawake wakavuliwa baibui zao barabarani na askari kwa amri yake ya mwaka 1936. Mwaka 1933 alifanya mkataba mpya na kampuni, ukarefushwa mpaka 1993. Katika Agosti 1941 Mwingereza na Mrusi waliivamia nchi kwa pamoja, na jeshi lake lililokula hazina ya nchi likavunjika kwa siku chache. Akapelekwa Mauritius, kisha Johannesburg, akafia huko mwaka 1944. Raia hawakutoka kumtetea. Na angetetewa na nani, ikiwa kila aliyekuwa na ulimi alikuwa ameukata?

SIKU ZA MUSADDIQ

Mwezi wa Machi 1951 Majlisi ilipitisha sheria ya kuyafanya mafuta kuwa mali ya taifa. Mwezi uliofuata Dakta Muhammad Musaddiq akawa waziri mkuu. Alikuwa mzee wa miaka karibu sabini, msomi wa sheria, na mtu ambaye hata maadui zake hawakumtuhumu rushwa. Pamoja naye alisimama Sayyid Abul-Qasim Kashani, mwanachuoni mwenye wafuasi wengi sokoni na misikitini. Wasomi wa kisasa na watu wa msikiti walikuwa safu moja, kama siku za tumbako.

Mwingereza aliwaondoa mafundi wake, akazuia mafuta yasinunuliwe na mtu. Jahazi la mafuta liitwalo Rose Mary, lililothubutu kuyachukua, lilizuiliwa Aden mwaka 1952. Kesi ikapelekwa katika mahkama ya kimataifa ya The Hague, na mwezi wa Julai 1952 majaji waliamua kuwa mahkama haina haki ya kuihukumu kesi hiyo. Katika waliokubaliana na hoja ya Ajemi alikuwamo jaji wa Kiingereza mwenyewe, Sir Arnold McNair. Tunalitaja hili kwa makusudi. Dini yetu yatukataza kuwadhulumu watu kwa sababu ya chuki. Na asemaye kwamba wageni wote ni waovu amemdhulumu jaji huyu.

Siku zile zile, tarehe 21 Julai 1952, Shah kijana Muhammad Reza alipotaka kumweka waziri mwingine, watu walijaa barabarani, wakafa baadhi yao kwa risasi, na Musaddiq akarudishwa. Huo ndio uliokuwa upeo wa nguvu yao. Na kutoka upeoni huteremkwa.

Musaddiq aliomba mamlaka ya kutoa sheria peke yake kwa miezi sita. Kisha, Januari 1953, akaomba miezi kumi na miwili zaidi. Kashani, aliyekuwa mkuu wa Majlisi, akapinga. Marafiki wakawa mahasimu, na magazeti ya kila upande yakamtukana mzee wa upande wa pili. Hazina ilikuwa tupu, na watu wamechoka. Mwezi wa Agosti 1953 Musaddiq akawaita watu wapige kura ya kuivunja Majlisi, na sanduku la "ndiyo" likawekwa mbali na sanduku la "la", hata kila mtu akajulikana amechagua nini. Mtu aliyepigania sheria maisha yake yote akaishia hapo.

Katika ufa huo ndimo mkono ulimopenya. Waingereza walikuwa wamefukuzwa ubalozini tangu Oktoba 1952, kwa hiyo kazi ilishikwa na majasusi wa Kimarekani, na mkuu wao mjini alikuwa Kermit Roosevelt. Fedha zilitolewa kwa waandishi, na kwa maofisa, na kwa wakuu wa wahuni wa mitaani. Jaribio la kwanza, usiku wa tarehe 15 Agosti, lilishindwa, na Shah akakimbilia Baghdad, kisha Roma. Siku nne baadaye, tarehe 19, makundi yalitolewa mitaani, vifaru vikafuata, nyumba ya Musaddiq ikapigwa mizinga, na Jenerali Zahedi akawa waziri mkuu. Marekani haikuchelewa kumpa dola milioni 45. Mambo haya si uvumi wa baraza. Mwaka 2013 idara ya ujasusi ya Marekani ilikiri katika hati zake kwamba ndiyo iliyoyafanya.

Musaddiq alifungwa miaka mitatu, kisha akazuiliwa shambani kwake Ahmadabad mpaka alipofariki mwaka 1967. Waziri wake wa nje, Husain Fatemi, aliuawa mwaka 1954. Na mwaka huo huo mafuta yaligawanywa upya: ile kampuni ya Kiingereza 40 katika mia, kampuni za Marekani 40, Shell 14, na Wafaransa 6. Mwenye mali aliachiwa jina la kumiliki na nusu ya faida.

MAVUNO

Yaliyobaki tutayapita upesi, kwani mbegu ikisha kujulikana, mti haushangazi. Mwaka 1957 Shah aliunda polisi wa siri, SAVAK. Mwezi wa Oktoba 1964 Majlisi yake ilipitisha sheria kuwa askari washauri wa Kimarekani wasihukumiwe na mahkama za nchi, na siku chache baadaye ikapitisha mkopo wa dola milioni 200. Tazama, ni sharti lile lile la Mrusi la mwaka 1828, na deni lile lile la baba zao, baada ya miaka zaidi ya mia! Ruhollah Khomeini alisimama akaitaja sheria hiyo kuwa ni fedheha, akafukuzwa nchini. Miaka kumi na minne baadaye, Januari 1979, Shah ndiye aliyeondoka, kisha Khomeini ndiye aliyerudi.

Mwezi wa Novemba 1979 wanafunzi waliuteka ubalozi wa Marekani na kuwazuia watu wake siku 444. Walimwengu wengi walishangaa. Lakini aliyekumbuka Agosti 1953, na jinsi Shah aliyekimbia alivyorudishwa kwa ndege, alijua hofu yao imetoka wapi. Kuijua hofu si kukihalalisha kitendo, kwani mjumbe ana amana yake katika sheria yetu. Lakini ni kufahamu kwamba dhulma huzaa, na mtoto wake hurudi kumtafuta mzazi.

Na tusiseme kwamba mgeni alipotoka dhulma nayo ilitoka. Irak iliivamia Iran Septemba 1980, na vita vya miaka minane vikala vijana wa pande zote mbili. Na mwaka 1988, ndani ya magereza ya Iran yenyewe, wafungwa kwa maelfu waliuawa, nao ni Waajemi waliouawa na Waajemi. Kumtoa mgeni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumzuia jamaa yako asikukalie mahali pa mgeni.

TURUDI NYUMBANI

Sasa tulijibu suala la kijana. Ni nani aliyeharibu? Mgeni alidhulumu, na dhulma yake imeandikwa kwa tarehe na kwa hesabu. Anayemtoa lawamani hakusoma. Lakini kila alipoingia, aliingia kwa mlango wa namna tatu.

Mlango wa kwanza ni deni la anasa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya deni na maandishi yake, katika Sura ya Al-Baqara. Mola wetu hakulifanya jambo hilo dogo, nasi twalifanya dogo. Nani katika mji wetu hajamwona mtu akiweka rehani nyumba ya babake kwa ajili ya arusi ya siku tatu? Nani hajasikia ardhi iliyouzwa kwa hati ambayo mwenyewe hakuisoma wala hakusomewa?

Mlango wa pili ni mtu mmoja kuamua peke yake bila ya kuhesabiwa. Qur'ani ina sura nzima yenye jina la kushauriana. Hili si la wafalme tu. Wakfu ambao mapato yake hayajasomwa mbele ya watu kwa miaka. Chama ambacho mweka hazina wake hukasirika akiulizwa. Madrasa ambayo mwalimu na mjumbe hawajui fedha zimekwenda wapi: hizi zote ni Ajemi ndogo. Siku ambapo tajiri wa mbali atakuja na mfuko wake na sharti lake, atakuta mlango u wazi.

Mlango wa tatu, nao ndio uliotuuma zaidi tulipoyasoma haya, ni kugombana kwa wale waliokuwa safu moja. Tumbako iliwashinda wageni kwa sababu sokoni na msikitini palisemwa neno moja. Musaddiq na Kashani walipokuwa pamoja, dola kubwa haikuwaweza. Walipotengana, fedha za majasusi zilitosha. Na sisi? Twagombana juu ya kuandama kwa mwezi, na juu ya maulidi, na juu ya nani awe imamu, mpaka ndugu hawazikani. Kuhitilafiana kwa elimu kulikuwako tangu zama za maimamu. Tusemalo ni hili: mtu akija kukusifu kwa kuwa unamtukana mwenzako, muulize amelipwa na nani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Funzo la Sura ya Ar-Raad, kwamba mageuzi ya hali ya watu huanzia ndani ya nafsi zao, halikuja kumpa dhalimu udhuru. Limekuja kumpa mnyonge kazi ya kuanza nayo leo, bila ya kumngoja dhalimu atubu. Na kazi hiyo twaijua: kusoma hati kabla ya kutia saini, kuacha deni la fahari, kuzisoma hesabu za wakfu wazi, baada ya sala, kila mwaka, na kuwapatanisha wawili waliogombana kabla ya tatu kuja kuwanunua.

Sisi wa darsa hii tumeanza na hesabu zetu wenyewe, tusije tukawaamrisha watu wema na kujisahau nafsi zetu. Daftari litafunguliwa siku ya darsa, na kila mwenye kutaka kulitazama na alitazame.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuifuate, na batili tuiepuke. Waondolee dhulma watu wa Ajemi na kila kaumu iliyodhulumiwa, na mkono wa dhulma uwe wa mgeni au wa jamaa. Ziunganishe nyoyo zetu, wala usitujaalie kuwa mlango wa kuingilia adui wetu. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.